Mji Aliotuficha

Naomi alikwenda Moabu kwa sababu ya njaa. Kitabu cha Ruthu hakizungushi maneno. Bethlehemu hapakuwa na chakula, mumewe Elimeleki akahamisha familia kwenda nchi ya watu wengine, na huko akafa. Wakafuata vijana wao wawili, Maloni na Kilioni. Naomi akarudi kwao na mkwe mmoja tu, Ruthu, mwenyeji wa huko huko Moabu. Makaburi matatu aliyaacha ugenini, na Maandiko hayasemi popote kama kuna aliyewahi kurudi kuyatazama.

Moab ya habari hii iko Utah, magharibi ya Marekani. Ni mji wa watu elfu tano na ushee kando ya Mto Colorado, umezingirwa na magenge mekundu ya mawe, na wapenzi wa baiskeli za milimani hutoka pande zote za dunia kuuendea. Jina lake linaaminika kutoka katika Biblia, na si wakazi wote waliolipenda. Mwaka 1890 baadhi yao walipeleka ombi kwamba mji uitwe Vina, maana Wamoabu hawana sifa njema katika Maandiko. Ombi halikupita.

Mama yangu ni mwanamke wa Marangu, Mlutheri wa kuamka alfajiri, na habari za Utah hakuwa nazo. Baada ya msiba wa mdogo wangu, rafiki yake alitutumia picha zilizokuwa kwenye simu ya marehemu. Katika mojawapo amesimama juu ya jabali, amevaa kofia ngumu, anacheka, na fulana yake imeandikwa Moab kwa herufi kubwa. Mama aliomba miwani, akasoma, akasoma tena. "Moabu?" akauliza. "Wana wa Naomi si walifia huko?"

Sebule nzima ilinyamaza, hata baba mdogo, ambaye hanyamazi kwa urahisi.

Mdogo wangu hakufia Moab. Alifia hospitalini Salt Lake City, kwa ugonjwa wa moyo ambao hakuwahi kututajia, na akazikwa huko huko. Kwa Mchaga hili ni jambo zito. Mtu wetu huzikwa kihambani, kwenye migomba yake, na masale yakapandwa. Hata anayeishi Dar es Salaam au Mwanza hujulikana kuwa yuko safarini tu. Desemba atarudi, na siku ya siku atarudishwa. Mdogo wangu hakurudi Desemba hata moja tangu aondoke, kwanza kwa sababu ya makaratasi, baadaye kwa sababu ya nauli, na mwishoni kwa sababu ambazo hatukuzielewa. Alipofariki, gharama za kusafirisha mwili na nyaraka zilizodaiwa zilitushinda. Kikao kikaamua azikwe huko kwa muda. Ni baba mdogo aliyeongeza hayo maneno mawili, "kwa muda", na ndiyo yaliyotusumbua tangu siku hiyo. Wachaga wa zamani walijua kufukua mifupa na kuihamishia mahali pa ukoo, kwa hiyo wazo la kumhamisha si geni. Mfuko wa mchango ukafunguliwa. Kila sikukuu unatajwa, na kila sikukuu kuna mwenye kuahidi.

Mimi nilikwenda Utah kwa ajili ya kaburi. Moab lilikuwa wazo la yule rafiki yake. Ni mtu wa Uvira aliyeishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kupelekwa Marekani, na Kiswahili chake kina Uvira na Kasulu ndani yake. Walifanya kazi pamoja usiku katika ghala la mizigo. Alinipeleka makaburini, akanisubiri nimalize kulia, kisha akasema, "Dada, hapa hayupo sana. Kesho nikupeleke alikokuwa anakaa Jumamosi zake."

Kutoka Salt Lake City hadi Moab ni kama kilomita 380. Barabara hupanda korongo, hupita Helper na Price, miji iliyokua kwa makaa ya mawe, kisha milima inaachana na wewe na jangwa linaanza. Green River tulisimama kununua tikiti maji. Mji ule unasifika kwa matikiti, na rafiki akaniambia marehemu hakuwahi kupita pale bila kununua moja na kulila amesimama, mbegu akizitema kuelekea reli. Mimi nilimlea mtoto yule. Kwetu alikuwa hali tikiti. Alisema lina maji ya bure.

Tulifika jioni, msimu wa vuli wa kwao, wakati ambapo joto limelegea. Julai huko huzidi nyuzi 37, na waendesha baiskeli wenye akili huja kati ya Machi na Mei au Septemba na Oktoba. Mji wenyewe ni barabara moja kuu yenye hoteli, maduka ya baiskeli na magari yaliyobeba baiskeli mgongoni na juu ya paa. Sijapata kuona baiskeli nyingi hivyo ambazo hazina kazi. Kwetu baiskeli hubeba ndizi, maziwa, mgonjwa. Hizi zilikuwa zimepakiwa kwa uangalifu kuliko abiria, zenye tairi nene na springi mbele na nyuma, na katika dirisha la duka niliona bei ya mojawapo. Niliizidisha kwa shilingi, nikaiacha hesabu katikati.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini hatukuambiwa.

Mtu aliye ughaibuni ana simu mbili za kupiga nyumbani. Ya kwanza ni ya fedha: imefika, haijafika, nani kaumwa, ada ya nani imepungua. Ya pili ni ya malalamiko: baridi, kazi, kodi ya nyumba, upweke. Furaha haina simu yake. Akisema amenunua baiskeli ya dola elfu tatu ili ateremke nayo mlimani siku ya mapumziko kisha arudi alikotoka, baba mdogo ataitisha kikao. Shangazi atauliza kama baiskeli hiyo ina bomba la maji, maana la kwake limekatika tangu masika. Na wala hatakuwa amekosea kuuliza; shida ya bomba ni ya kweli. Lakini matokeo yake ni kwamba nyumba zetu nyingi zina watu ng'ambo ambao tunawajua kwa upande wa jasho tu. Tunajua walichotuma. Walichopenda wanakificha, kama vile ni wizi.

Basi msiba unapokuja, tunamlilia mtumaji fedha.

Asubuhi yake, kabla ya kwenda kwenye mwamba wenyewe, rafiki alinizungusha mjini. Ni mwenyeji wa habari za Moab kwa sababu marehemu alikuwa akimsimulia njiani, saa nne kwenda na saa nne kurudi, na mtu aliyesimuliwa sana hugeuka msimulizi. Mwaka 1950 Moab ilikuwa kijiji cha wakulima wa matunda na wafugaji, watu elfu moja na mia mbili hivi. Julai 1952 mjiolojia aliyefilisika, Charles Steen, aliyekuwa akiishi na mkewe na watoto wao wanne katika kibanda, alikuwa akitoboa ardhi kusini mashariki ya mji pale mashine yake ilipovunjika. Alichokitoa shimoni kilikuwa jiwe jeusi asilolijua. Lilikuwa urani. Marekani ilikuwa ikikimbizana na Urusi kwa silaha za nyuklia, serikali ilikuwa mnunuzi pekee na ilinunua bila kuchoka, na ndani ya miaka michache Moab ikajaa watu waliolala kwenye mahema na migongoni mwa magari, kila mmoja na kifaa chake cha kupima mionzi. Mwaka 1956 kikajengwa kinu cha kusaga mawe hayo kando ya mto. Kufika 1960 wakazi walizidi 4,600, na mji ukajiita makao makuu ya urani duniani.

Steen alijenga jumba juu ya kilima, akaalika watu, akatajirika hadi ikachosha. Mwaka 1968 alifilisika. Alifariki mwaka 2006, akiwa ameshapatwa na maradhi ya kusahau, na jumba lake lilikuwa limegeuzwa mkahawa.

Mji nao ulilipa kwa njia yake. Tarehe 27 Agosti 1963, katika mgodi mpya wa potashi uliokuwa ukichimbwa kando ya mto, gesi ililipuka. Kati ya watu 25 waliokuwa chini, 18 walikufa. Wachimba urani wa eneo lile lote, Wanavaho wengi wakiwemo, walivuta vumbi la mionzi katika mashimo yasiyo na hewa, na saratani ya mapafu ikaja kuwachukua miaka baadaye, wakati kila mtu ameshasahau mgodi. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwafidia mwaka 1990. Baadhi ya waliopokea fidia hiyo walikuwa wajane.

Kisha serikali ikawa na urani ya kutosha, bei ikaanguka, na mwaka 1984 kinu kikafungwa. Watu wakaondoka. Nyumba zikauzwa kwa bei ya kutupa, na nyingine hazikupata hata wa kutupiwa.

Hapa ndipo Wamoab, kama niwaite hivyo, wanapoanza kusimulia kwa furaha. Mwaka 1983, migodi ikifa, ndugu wawili, Bill na Robin Groff, walifungua duka la baiskeli. Kulikuwa na njia juu ya mwamba iliyotengwa tangu 1969 kwa ajili ya pikipiki, Slickrock, na watu wakagundua kwamba baiskeli zile mpya zenye tairi nene zinaipita vizuri zaidi. Picha zikaingia kwenye majarida, vijana wakaja, na mji uliokuwa ukikata roho ukapata chakula chake upya. Ni hadithi nzuri na ni ya kweli. Urani ilikufa, baiskeli ikaja.

Nimeisikia hadithi hiyo kwetu pia, katika sura nyingine. Siku ya matanga waliokuja kumfariji mama walimwambia: mshukuru Mungu, una watoto wengine wanne. Walisema kwa upendo. Hata Biblia yetu wakati mwingine husomwa hivyo. Ruthu anazaa mtoto, majirani wanashangilia kwamba Naomi amepata mwana, na mahubiri huishia hapo kwa wimbo. Ayubu anapewa watoto kumi wapya, na sijawahi kumsikia mchungaji akiuliza habari za kumi wa kwanza. Mimi naona waliobaki wamehesabiwa vizuri, na aliyeondoka ameondolewa katika hesabu ili jumla isitusumbue. Mama aliwaitikia wote, "Asante, ni kweli." Usiku aliniambia, "Wale wanne kila mmoja ana nafasi yake. Yake imebaki wazi, na haina mtu wa kuikalia."

Moab nayo, ukiitazama bila haraka, inasema kama mama. Makapi ya kile kinu, tani milioni 16 za mchanga wenye mionzi, yaliachwa kwenye ukingo wa mto ambao watu wapatao milioni 40 wanautegemea kwa maji. Kazi ya kuyahamisha ilianza 2009: yakawa yakipakiwa kwenye makontena, yakipandishwa treni na kupelekwa Crescent Junction, kama kilomita 50 kaskazini, yakafukiwe mbali na maji. Miaka na miaka waendesha baiskeli walikuwa wakiingia mjini wakipishana na treni iliyobeba mabaki ya mji uliopita. Na njia zenyewe! Ile ya White Rim, mzunguko wa kilomita 160 ambao watu huweka nafasi miezi mingi kabla, ilichongwa miaka ya 1950 kwa fedha za serikali ili watafuta urani wapate kupita. Nyingi za zile barabara za mawe wanazoziita za kufurahia zilifunguliwa na watu waliokuwa wakitafuta riziki. Baiskeli haikuja mahali pa urani. Inapita juu yake.

Tulipanda kwenye Slickrock mchana. Mimi siendeshi baiskeli, niliacha nikiwa msichana na sina mpango wa kurudia, kwa hiyo tulitembea kipande cha mwanzo tu. Mzunguko mzima ni kama kilomita 17 na ni wa watu wenye magoti mazima. Hakuna njia kwa maana tunayoijua. Kuna mwamba mtupu uliopanda na kushuka, na juu yake vimepakwa vistari vyeupe vya kukuonyesha pa kupita. Mwamba wenyewe ni matuta ya mchanga wa jangwa la kale, yaliyorundikwa na upepo zaidi ya miaka milioni 180 iliyopita, yakagandamizwa hadi yakawa jiwe bila kupoteza umbo la matuta. Kwato za farasi zenye vyuma huteleza juu yake, lakini mpira wa tairi hushika, hata kwenye mteremko ambao mimi nisingeushuka bila kukalia makalio. Vijana walitupita wakiteremka, wakapotea bondeni, wakaibukia ng'ambo wakisukuma pedali kwa nguvu. Wengine walituamkia. Mmoja alipiga kelele ya furaha ambayo niliitambua.

Niliitambua kwa sababu naijua tangu Marangu. Kwetu hakuna tambarare. Ukitoka mlangoni unapanda au unateremka. Mwinjilisti wa usharika alikuwa na baiskeli, na mdogo wangu alikuwa akiiazima, mara nyingine kwa ruhusa. Breki hazikuwepo. Alikuwa akifunga kwa ndala, mguu umekandamizwa kwenye tairi la nyuma, na ndala zikiisha upande mmoja mama anashangaa mtoto huyu anatembeaje. Alikuwa akiteremka kutoka kanisani hadi darajani akipiga kelele ile, na wanawake waliobeba ndizi wakikimbilia kwenye majani na kumlaani kwa Kichaga. Alipopelekwa shule ya bweni akaiacha. Sote tulifikiri ameiacha.

"Yeye hapa alikuwa hafungi breki," akasema rafiki. "Sisi tunashuka tunaomba Mungu, yeye tunamkuta chini anatucheka. Alisema kwao ni hivi hivi, ila mawe ya kwao yana migomba."

Kuna njia nyingine waliyoipenda zaidi. Gari huwapandisha hadi milima ya La Sal, ambayo kilele chake kirefu kina mita 3,877 na huonekana na theluji hata ukiwa umesimama kwenye joto la mji, kisha wanashuka na baiskeli kutoka mita kama 3,400, kwenye miti na baridi, hadi ukingo wa mto kwenye jangwa. Zaidi ya mita elfu mbili za kuteremka kwa siku moja. Nilimwuliza kama marehemu aliwahi kusema kwa nini anaipenda. Alifikiri. "Alisema ni mlima wenye theluji na chini yake kuna joto. Sisi tulidhani anaeleza hali ya hewa."

Sikumwambia chochote. Mtu aliyekua akiitazama Kibo kila asubuhi isiyo na mawingu hakuwa anaeleza hali ya hewa.

Kando ya njia, palipo na udongo kidogo, kuna ukoko mweusi wenye vinundu ambao mgeni hudhani ni uchafu. Ni kiumbe hai: vijidudu vidogo vinavyoshikilia mchanga usipeperuke na kutunza unyevu ili mmea upate pa kuanzia. Mguu mmoja ukikanyaga, ukoko huvunjika, na kupona kwake huchukua miaka mingi, pengine makumi. Vibao viko kila mahali vikiomba watu wapite juu ya mwamba au kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa. Rafiki alinishika mkono nilipotaka kukatiza. "Dada, huyu alikuwa mkali sana hapa. Mtu akikanyaga, safari imeharibika, hasemi na wewe hadi Price." Nilicheka kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu nitue Marekani. Huyo ndiye mtoto aliyekanyaga mboga za kila jirani.

Siku ya mwisho tuliingia hifadhi ya Arches, kaskazini kidogo ya mji, yenye matao ya mawe zaidi ya 2,000. Sitaeleza sana, picha zipo nyingi, na matao ni mazuri kama zinavyosema. Kitu kimoja kilinikaa. Mwaka 2008, usiku mmoja wa Agosti, tao lililoitwa Wall Arch, lililokuwa kandokando ya njia ya watalii, lilianguka. Hakuna aliyeona. Hifadhi haiyaegemezi matao kwa nguzo wala kuyasimamisha tena yakianguka, kwa kuwa yametokana na huko huko kuanguka: maji na baridi humega mwamba kidogo kidogo hadi tundu linatokea, na huendelea kumega hadi tundu halina wa kulibeba. Mlinzi mmoja aliyekuwa akiwaeleza wageni aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya basi. Nilimpenda kwa hilo. Nimechoka na watu wanaoniambia habari za kifo kwa sauti laini.

Njiani kurudi, giza likiwa limeingia, nilimweleza rafiki habari za mfuko wetu na mifupa. Nilitaka anisaidie kufikiri, maana wao wawili walikaa pamoja kuliko tulivyokaa sisi. Aliendesha gari kitambo bila kujibu. Kisha akanieleza jambo ambalo marehemu hakuwahi kutuambia kuhusu rafiki yake, kwa vile hatukuwahi hata kuuliza kama ana rafiki. Mwaka 1996 vita ilipoingia Uvira, mama yake alikufa njiani wakikimbilia ziwani. Walimzika haraka, watu wasiofahamiana wakisaidiana, na hajui ni wapi. Alirudi mara moja na hakupatambua.

"Nyinyi mnabishania kaburi ambalo lina namba," akasema. Hakusema kwa uchungu. Baadaye akaongeza, maana ni mlokole na hawezi kuacha jambo bila andiko, kwamba Musa naye alizikwa katika nchi ya Moabu, bondeni, na hakuna mtu ajuaye kaburi lake hadi leo, na wana wa Israeli walimlilia siku 30 kisha wakaendelea na safari wakiwa na alichowaachia.

Sikukubaliana naye kabisa. Musa alikuwa Musa. Taifa zima lilikuwa shahidi wa maisha yake. Sisi tulikuwa na mtu ambaye nusu ya maisha yake shahidi wake ni mmoja, mwendesha mashine ya kunyanyulia mizigo kutoka Uvira, na kama nisingekwenda, nusu hiyo ingezikwa siku shahidi huyo atakapochoka kusimulia. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi ya habari za mifupa.

Wataniuliza nyumbani kama nilipata faraja. Sikupata. Nilikwenda nikiwa nimefiwa na mtumishi mwema wa familia, mwenye baridi na uchovu, aliyelipa ada za wanangu na dawa za mama. Nikarudi nimefiwa pia na mtu mwenye furaha, mkali wa udongo, mla matikiti, aliyekuwa akipaa juu ya mawe kila Jumamosi kwa kelele ya utoto wake. Msiba umekuwa mkubwa zaidi kuliko nilivyouacha. Lakini sasa ni wa mtu mzima, si wa nusu, na nisingependa kupunguziwa.

Nilimsimulia mama yote, hata bei ya baiskeli, ambayo niliipunguza kidogo. Alitaka kujua kama alivaa kofia. Nikasema alivaa. Alitaka kujua kama yule kijana wa Uvira anakula vizuri na kama ana mke. Kisha akasema jambo ambalo baba mdogo hatalipenda: kwamba kama mtoto alipata huko mahali pa kuteremkia, yeye hana haraka ya kumpandisha tena.

Desemba kikao kitakaa kama kawaida, na hoja ya kumhamisha itakuja. Maoni yangu nayaandika hapa ili yasije yakapotea katika mbege. Abaki alipo. Fedha iliyokwisha kuchangwa haitoshi kurudisha mwili, na haitatosha mwakani. Inatosha, kwa hesabu niliyopiga na mweka hazina, ada ya viza na tiketi ya mama pamoja na mtu wa kumsindikiza. Viza wanaweza kumnyima, lakini ombi halijawahi kupelekwa. Mama ana umri wa kusafiri mara moja. Naomba ndugu zangu, na hasa wewe baba mdogo, tumpeleke mama akaone Moab wakati magoti yake bado yanapanda ngazi za ndege.